Mabango Chini, Mikono Juu

Jumatatu, 4 Machi

Nimekuwa Mwenyekiti! Kura haikupigwa, ila pale kibandani kwa Kinyozi palikuwa na kiti kimoja tu chenye egemeo, na mimi ndiye niliyekikalia. Wengine walisimama. Mambo mengine hayahitaji uchaguzi.

Tunaitwa Kamati ya Kuokoa Chemchemi. Nieleze kidogo, kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakufa (na wataisoma). Chini ya mtaa wetu kuna chemchemi, mali ya baraza la mji, yenye mabomba na sakafu ya saruji ya kufulia. Kampuni ile ya soda na maji ya chupa inataka ikodishiwe. Izungushe ukuta, ijaze chupa, ituuzie. Madiwani wanapiga kura Jumatano ya wiki ijayo. Diwani wetu mkono wake utakuwa wa kwanza kwenda juu. Magari yake ya kampeni yalikuwa ya Kampuni, vipaza sauti vya Kampuni, fulana za Kampuni. Mdomo tu ndio wake, na huo nao sina hakika.

Dada yangu ni dobi. Anafua pale chemchemini tangu mama alipotutoka: mashuka ya nyumba za wageni, sare za shule, makoti ya zahanati. Kwa mikono yake tunakula sote. Yeye, watoto, shemeji ambaye kiwanda kilimwachisha kazi, na mimi ninayekaa chumba cha uani kwa muda. Muda wenyewe umeingia mwaka wa sita. Chemchemi ikienda, jiko linazimika. Hiyo ndiyo sababu ya kuingia kwenye kamati. Sababu ya pili ni kwamba nina kipaji cha uongozi na kinaozea uani.

Katibu ni Kinyozi. Sikumtaka. Anapendwa mno.

Jumanne, 5 Machi

Kampuni iliitisha mkutano wa wakazi uwanja wa shule. Wiki nzima Kinyozi alikuwa akinong'oneza kila sikio lililopita chini ya mkasi wake: usiende. Hakwenda mtu! Maofisa wawili wenye tai walikaa wakitazamana na viti vitupu mpaka soda zikapata moto. Alihudhuria mbuzi mmoja, akala ratiba, akaondoka.

Mtaa mzima unacheka na kumsifu Kinyozi. Mimi sikusifiwa hata kidogo, ingawa mimi pia sikwenda.

Jioni Kinyozi katueleza mpango. Sheria inataka wakazi wakutanishwe na wasikilizwe kabla mali ya umma haijakodishwa. Bila mkutano, kura ya madiwani ni karatasi ya kufungia vitumbua, hakimu ataichana. Kwa hiyo kazi yetu mpaka Jumatano ni moja: tukae kimya, tusikusanyike mahali popote pa kupigwa picha. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, akasema. Wote wakatikisa vichwa kana kwamba wameteremshiwa wahyi.

Mkakati gani huo? Ni kiongozi gani aliyewahi kujengewa sanamu kwa kukaa kimya?

Alhamisi, 7 Machi

Sikupata usingizi mzuri. Wazo limenijia wakati naoga. Ikiwa mkutano wao ulikuwa mtupu, wangu utajaa! Jumamosi, uwanja wa shule. Mimi jukwaani. Umma ukinguruma. Diwani atasikia huko aliko.

Nimemweleza Dada alipokuwa anakamua mashuka. Akauliza kama Kinyozi amekubali. Nikasema amekubali kimsingi. Kimsingi ni neno zuri sana, mtu hulitumia halafu haulizwi tena. Akafuta povu, akanishika mkono. Viganja vyake vimekauka kwa sabuni kama kamba ya kuanikia. Akaniambia atawaleta madobi wenzake wote na wateja wake pia. Akaniambia pia nisimwangushe, maana hana pengine pa kufulia.

Nikamwambia aniachie mimi. Nikaenda kujaribu tabasamu kwenye kioo.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa la maturubai. Mkodishaji amepeleka yote harusini. Mwalimu Mkuu, mtu muungwana, akajitolea kutuazima turubai na viti vya shule bure. Kwenda kuviangalia: rangi ya machungwa tupu, nembo ya Kampuni kila mahali, kubwa kama sinia. Walivipata kwa msaada.

Ndipo nilipoangalia mtaa wetu kwa macho mapya. Ukuta wa shule, rangi ya machungwa. Duka la kona, hivyo hivyo. Zahanati, kibanda cha polisi, goli la uwanjani. Hata kitambaa anachotufunga Kinyozi shingoni! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini mimi si mtu wa kukwama. Turubai tutaligeuza ndani nje. Viti vitakaliwa, na nembo iko pale pa kukalia. Mwalimu Mkuu amesema mtu kama mimi angefaa kuwa waziri. Nimemwambia asiharakishe mambo.

Kinyozi kapata habari, kaja mbio na mkasi mkononi. Mishipa ya shingo imemtoka. Akanisihi niahirishe mpaka Alhamisi, kura ikishapita. Akasema nawapa Kampuni mkutano wanaoutafuta kwa tochi. Nikamwambia aseme tu kwamba ana wivu. Akasema basi, kama lazima, yawepo mabango. Marefu, mbele kabisa, yaseme waziwazi hatutaki, na yasishushwe kwa ajili ya mtu yeyote. Nikakubali. Nadhani wazo la mabango lilikuwa langu tangu mwanzo.

Jumamosi, 9 Machi

Siku kuu ya maisha yangu!

Uwanja ulifurika. Turubai limegeuzwa, kumbe Kampuni hiyo huchapa nembo pande zote mbili! Wale watu hawabahatishi. Nikaagiza watu wasitazame juu.

Dada aliingia na madobi wenzake wamepanga mstari, mabango wameyaandika kwenye mashuka makuukuu: CHEMCHEMI HAIUZWI. Alivaa kitenge chake kizuri, kile cha kwenda kwa wakwe. Nilihutubia mpaka sauti ikakwama. Watu walilia. Jua lilikuwa kali pia.

Akatokea mpigapicha, kizibao chenye mifuko mingi, kamera ndefu kama bomba la maji. Akauliza Mwenyekiti ni yupi. Hiyo ndiyo elimu! Nikamtajia jina langu mara mbili asije akalikosea. Kwa adabu kabisa akanionyesha kwenye kioo cha kamera kwamba mabango yananiziba uso. Ni kweli, HAIUZWI ilikuwa imekaa kwenye paji langu la uso. Nikaagiza mabango yashushwe.

Dada hakutaka. Alimuuliza yule bwana anatoka gazeti gani. Bwana akasema anashughulika na habari za maendeleo. Dada akauliza maendeleo ya nani. Nikamnong'oneza asiniaibishe mbele ya waandishi wa habari. Akanitazama, akalishusha shuka lake, na wenzake wote wakashusha.

Hapo nikapaza sauti: nani anaipenda chemchemi yake, anyooshe mkono! Mikono ikaenda juu uwanja mzima. Mpigapicha akasema turudie, nilifumba macho. Turudie tena, nilikuwa nameza mate. Mara ya tatu nikatabasamu vizuri sana. Asiyenyoosha mkono ni Kinyozi peke yake. Alisimama nyuma kabisa, amekunja mikono, kama mtu anayeangalia nyumba yake inaungua na ndoo ana, maji hana.

Wivu ni maradhi.

Jumapili, 10 Machi

Nimepekua magazeti yote pale kwa muuza magazeti mpaka akanifukuza. Simo. Bila shaka wananiwekea toleo maalumu.

Dada ameimba akipiga pasi. Sijamsikia akiimba siku nyingi. Akaniambia madobi wenzake wanaulizana kumbe ana mdogo mtu mzima hivi.

Jumatano, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulikwenda ukumbi wa baraza, tukakaa nyuma. Hewa nzito, feni moja inazunguka bila faida. Kinyozi alikuwa na matumaini bado, kidogo. Diwani akasimama, akasema wakazi walikutanishwa Jumamosi iliyopita, tena kwa wingi usio na mfano. Kisha wafanyakazi wawili wakaingia wamebeba picha kubwa kama mlango.

Mimi! Katikati, natabasamu. Juu yangu nembo ya Kampuni inang'aa, jua limepenya turubai. Nyuma yangu umati wote umenyoosha mikono. Bango hakuna hata moja. Kwenye kona ya chini, Dada, mkono juu, kitenge chake kizuri.

Nakiri wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimetoka vizuri.

Mwenyekiti wa Baraza akauliza kama huyo pichani yupo ukumbini. Nikasimama. Akauliza kama ndiye mimi. Nikasema ndiye. Akauliza kama watu walinyoosha mikono kwa hiari. Nikasema kwa hiari kabisa, tena mara tatu. Kinyozi akaanza kupiga kelele, akatishiwa kutolewa nje. Hapo nikatambua hali si nzuri. Nikaomba kueleza mkutano ule ulihusu nini. Nikapewa dakika tatu.

Dakika tatu zinatosha. Mtu akisema mkutano ulikuwa wa kupinga, mabango niliyashusha mimi, imekwisha, anakaa. Lakini ustaarabu je? Mbele ya hadhara kama ile mtu haingii kwenye hoja kama mwizi. Nikaanza na itifaki. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza. Waheshimiwa madiwani, kata baada ya kata. Mkurugenzi wa mji. Wakuu wa idara, mmoja mmoja. Ofisa wa afya nilimsahau, nikarudi kumwomba radhi. Maofisa wa Kampuni nao nikawatambua, kwa sababu walikuwepo. Nilipofika kwenye mabibi na mabwana, kengele ikalia. Nikaambiwa asante, keti.

Wakapiga kura. Mikono ikaenda juu, kama yetu ya Jumamosi.

Tukatoka nje, Dada mbele. Alishuka ngazi zile pole pole, ameushika ukuta.

Alhamisi, 14 Machi

Nimelala uani mchana kutwa nimejifunika gubigubi. Nimelia. Sioni aibu kuandika hilo. Sauti ya Dada akifua kwa mara za mwisho inafika mpaka hapa, pwa, pwa, pwa.

Nilimfuata jioni kumweleza kwamba kosa ni la Diwani, la mpigapicha, la turubai na la kengele. Akaniuliza swali moja, kwa sauti ya chini. Je, siku ile nilipomwambia ashushe shuka lake, nilijua yule bwana anatoka wapi? Nikasema waandishi wa habari hawaulizwi, huo ndio uhuru wenyewe. Akatikisa kichwa, akaniwekea chakula. Afadhali angenitukana.

Kinyozi hanyoi tena kichwa changu. Amesema mkono wake unaweza kuteleza.

Jumatatu, 25 Machi

Ukuta umepanda. Rangi ya machungwa, bila shaka. Sakafu ya kufulia wameivunja kwa nyundo asubuhi moja. Dada alikwenda kutazama, akarudi na kipande cha saruji, akakiweka dirishani. Sikuuliza.

Sasa madobi wanateremka mpaka mtoni, kule ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Maji ya tope. Mashuka meupe yanarudi na rangi ya chai ya maziwa. Nyumba ya wageni ya kwanza imempokonya Dada kazi. Ya pili imemwambia itamfikiria. Watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada.

Habari nyingine: Shemeji kapata kazi! Mlinzi wa lango, Kampuni hiyo hiyo. Amepewa rungu na kofia. Kazi yake ni kuwazuia madobi wasisogelee mabomba. Leo Dada amepita na karai kichwani kuelekea mtoni, na Shemeji akasimama pale langoni kama asiyemfahamu, kwa kuwa msimamizi alikuwa anatazama. Nyumbani walikula bila kuongea. Mimi nilijaribu kuchangamsha mazungumzo, nikauliza kama ile kofia inabana.

Njia panda wamesimamisha bango kubwa la matangazo. Picha ni ile ile. WANANCHI TUMESEMA NDIYO. Uso wangu ni mkubwa kuliko turubai lenyewe. Dada hupita chini yake kila siku, kwenda na kurudi. Mimi nilikwenda kulitazama mara moja tu. Na leo tena. Jino la pembeni wamelisafisha, sijui kwa ufundi gani.

Ijumaa, 5 Aprili

Mambo mawili.

La kwanza. Gari la Kampuni lilisimama mlangoni, likateremsha katoni za maji ya chupa, shukrani kwa Mwenyekiti. Nilizikataa kwa ukali. Dereva alikuwa ameshaondoka. Nimezipanga uani vizuri, kwa hasira.

La pili ni zito. Kinyozi kaja! Akakaa ukingoni mwa kitanda changu, amekonda. Kumbe hakulala wiki zote hizi. Amempata wakili wa kujitolea, kesi imefunguliwa, inasikilizwa Jumanne. Hakimu anataka kujua jambo moja tu: ule mkutano wa Jumamosi ulikuwa wa nani, na ulikuwa wa kusema nini. Shahidi mkuu ni mimi. Nisimame, niseme mkutano ulikuwa wangu, ulikuwa wa kupinga, mabango niliyashusha mimi ili nionekane. Basi. Wakili anasema nikisema hayo, ukuta utaanguka.

Akanisihi kitu kimoja. Mpaka Jumanne nisiitishe kitu, nisihutubie, nisipigwe picha. Kampuni inatafuta chochote cha kumwonyesha hakimu kwamba sisi na wao ni wamoja. Dada alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Akasema: mdogo wangu, siku nne tu.

Nimeapa. Mbele ya wote wawili, mkono kifuani. Kinyozi alinishika bega, machozi yakimlengalenga. Nimejisikia mtu.

Jumapili, 7 Aprili

Nimetafakari sana. Kukaa kimya ni jambo jema, Kinyozi ana haki. Lakini umma utajuaje kwamba unatakiwa kukaa kimya? Lazima utangaziwe! Na nani zaidi ya Mwenyekiti? Kwa hiyo nimeitisha mkutano mdogo, kesho asubuhi, uwanja wa shule, wa kuwaagiza watu wote wasikutane.

Safari hii nimekuwa mwangalifu mno. Sikuazima turubai lolote, tutakaa juani. Mabango hayapo, kwa hiyo hakuna cha kushushwa. Mpigapicha nimemtafuta yule yule, maana anaijua sura yangu upande ulio mzuri. Amekubali mara moja, maskini, hana kinyongo. Ana ombi dogo tu: kwamba ofisa mmoja wa Kampuni aketi karibu nami, tushikane mikono, ionekane hatuna chuki binafsi. Hakimu atapenda hilo. Mahakama hupenda watu waungwana.

Kinyozi sijamwambia. Nataka iwe furaha ya ghafla.

Tatizo lilikuwa shati. Shati langu jeupe lilifuliwa mtoni, limekuwa rangi ya tope. Siwezi kusimama mbele ya umma hivyo. Nikampelekea Dada uani, pamoja na katoni moja ya yale maji. Maji safi kabisa, ya chemchemi yetu yenyewe.

Alikaa na chupa ya kwanza mkononi muda mrefu, anasoma maandishi yake. Kisha akafungua, akamimina kwenye karai. Akafungua nyingine. Na nyingine. Vifuniko vya rangi ya machungwa vikajaa miguuni pake. Akaanza kusugua, pwa, pwa, pwa, kama zamani, na shati likaanza kung'aa.

Akaniuliza ni la kwendea wapi. Nikasema mkutanoni.

Mikono ikasimama ndani ya povu. Hakunitazama. Nikadhani ataliacha hapo hapo, nikamkumbusha mkutano ni kesho asubuhi. Akasema nguo haiachwi nusu. Akafungua chupa ya mwisho, akasuuza.

Nimemwomba akazanie kola. Kwenye picha, kola ndiyo inayoonekana kwanza.